Manowari Kwanza au Baharia Kwanza?

Bahari ni mlango wa nchi, na nyumba yenye mlango haina budi kuwa na bawabu. Hili halina ubishi kwa mtu mwenye akili timamu. Ubishi upo katika jambo jingine: bawabu huyo apatikane kwa njia gani? Kuna watu, nao si wachache wala si wanyonge, wanaodhani kwamba bawabu hununuliwa. Kwa maoni yao, taifa likitaka nguvu baharini, kazi yake ni kwenda sokoni na mfuko uliojaa, kuchagua manowari mpya, nyambizi mpya na ndege mpya, kutia sahihi mkataba, kupiga ngoma siku meli zinapotia nanga, kisha kulala usingizi. Nakusudia kuipinga fikira hiyo katika kurasa hizi. Sitaipinga kwa upole, maana ni fikira iliyokwisha kula mali ya mataifa mengi, tena huwapeleka vijana chini ya maji na juu ya mawimbi wakiwa na zana bora kuliko maandalizi yao.

Yafaa kwanza nikuondolee shaka, msomaji. Sisemi kwamba jeshi la wanamaji ni anasa. Wako wasemao hivyo, na hoja yao haistahili nafasi kubwa. Tazama bandari ya Mombasa: ngano, mafuta, mbolea na mashine za Kenya hupita hapo, pamoja na sehemu kubwa ya mizigo ya Uganda, Rwanda na jirani zao. Kati ya mwaka 2008 na 2011 maharamia wa pwani ya Somalia waliteka meli nyingi, bima ya usafiri ikapanda, na bei ya kupanda kwake ikalipwa na mlaji aliyekaa mbali na bahari, asiyepata kuona hata jahazi. Samaki nao huibwa usiku na meli za kigeni zenye nyavu ndefu. Atakayesema kwamba mlango wa namna hii haufai kulindwa, na aache mlango wa nyumba yake wazi kwa mwezi mmoja, kisha atuletee habari. Hoja yangu si kwamba meli zisinunuliwe. Hoja yangu ni utaratibu: baharia atangulie, matengenezo yafuate, manowari ije ya tatu. Anayeugeuza utaratibu huo hanunui nguvu, hununua chuma.

Babu zetu wa pwani waliujua utaratibu huu pasipo kufundishwa na mtu. Hakuna tajiri wa Lamu aliyeunda jahazi kabla ya kujua nahodha wake ni nani. Chombo kilipokwisha kuundwa, fedha hazikukoma kutoka: kila baada ya safari kadha kilipwelezwa mchangani, kikatiwa kalafati upya, kikapakwa shahamu na chokaa ili choo cha bahari na wadudu walao mbao wasikile. Mwenye chombo aliyeona uchungu wa gharama hizo alijikuta hana chombo. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Utatembea mbele kwenye omo ukitazamwa na watu, na nyuma kwenye tezi ukitoa amri, lakini mwisho utateremka ngamani, mahali pa giza na pa maji machafu, kwa kuwa huko ndiko kujulikanako kama chombo kitafika.

Sasa twaa mfano wa nchi ya bara letu, nchi tajiri, yenye wataalamu na viwanda. Mwezi wa Desemba mwaka 1999 serikali ya Afrika Kusini ilitia sahihi mikataba mikubwa ya silaha, yenye thamani ya randi zipatazo bilioni 30 kwa hesabu ya wakati ule. Katika ununuzi huo zilikuwamo manowari 4 na nyambizi 3 kutoka Ujerumani, helikopta za kufanya kazi pamoja na manowari, na ndege za kivita kutoka Sweden na Uingereza. Wananchi waliahidiwa kwamba ununuzi huo ungezaa kazi zaidi ya 60,000. Nyambizi zilipofika Simon's Town, kati ya mwaka 2006 na 2008, zilikuwa zimepewa majina ya fahari: Manthatisi, malkia wa Batlokwa, Charlotte Maxeke, aliyewaongoza wanawake kuzipinga sheria za pasi, na Malkia Modjadji, malkia wa mvua. Manowari moja iliitwa Mendi, kwa kumbukumbu ya meli iliyozama karibu na Uingereza mwaka 1917 pamoja na watu zaidi ya 600, wengi wao Waafrika waliokuwa wakipelekwa kufanya kazi ya vita vya wengine. Majina hayo yalichaguliwa vema, na vyombo vyenyewe havikuwa vibovu. Tusimlaumu fundi wa Kijerumani kwa kosa lisilokuwa lake.

Kosa lilikuwa wapi? Fedha za kununua zilipatikana. Fedha za kutumia hazikupatikana. Nyambizi ya kwanza, Manthatisi, ilikaa miaka mingi bandarini ikingoja kurudi katika kazi, hali dada zake wakichukua zamu yake. Mwaka 2013 waziri wa ulinzi aliliarifu bunge kwamba ndege 12 kati ya 26 za Gripen zilizonunuliwa katika mikataba ile zilikuwa zimewekwa ghalani. Ndege iliyo ghalani haimfundishi rubani. Kisha kati ya mwaka 2021 na 2022 ndege zote za aina hiyo zilikaa chini muda upatao mwaka mmoja, kwa sababu mkataba wa kuzitengeneza ulikuwa umekwisha na mpya haujafungwa. Taarifa ya nchi hiyo yenyewe kuhusu hali ya ulinzi, iliyotolewa mwaka 2014, ilikiri kwamba jeshi lilikuwa katika hali mbaya ya kudidimia. Zingatia maneno hayo: si adui aliyeyasema. Yalisemwa na wenye nyumba, miaka michache tu baada ya chombo cha mwisho kuwasili.

Juu ya hayo yakaja madai ya hongo. Tume ya uchunguzi iliundwa mwaka 2011, na matokeo yake yakabatilishwa na mahakama mwaka 2019. Siingii katika kesi hizo, maana mahakama zina wenyewe. Nasema tu kwamba ununuzi mkubwa wa haraka huvutia mikono michafu kama vile jipu livutavyo nzi, lakini mafunzo hayawavutii. Hakuna mtu anayepata utajiri wa siri kwa sababu vijana mia moja wamefundishwa kuogelea, kusoma dira na kufunga vali gizani. Labda ndiyo sababu mafunzo hayana wapiga debe.

Huenda ukauliza, ubaharia wa nyambizi una ugumu gani hata niseme hivi? Fikiri pamoja nami. Nyambizi ya dizeli huzama kwa kuyaruhusu maji yaingie katika matangi yake, na hupanda kwa kuyasukuma maji hayo nje kwa hewa iliyoshindiliwa. Chini ya maji huendeshwa na betri. Betri zikipungua, hupanda karibu na uso wa bahari, ikatoa bomba la kuvuta hewa, ikawasha injini zake ili kuzijaza tena. Basi maisha ya watu wote waliomo hutegemea vali kufungwa kwa wakati wake, betri kukaguliwa kwa wakati wake, na kila mtu kujua la kufanya taa zikizimika. Hakuna dirisha la kuchungulia wala ukingo wa kujishikia. Kosa ambalo kwenye meli ya kawaida lingeleta karipio, kwenye nyambizi huleta msiba.

Tarehe 15 Novemba 2017 nyambizi ya Argentina iitwayo San Juan ilipotea katika Atlantiki ya Kusini pamoja na watu 44. Kabla ya kunyamaza, ilikuwa imetoa habari kwamba maji ya bahari yaliingia kwa njia ya bomba la hewa na kuleta hitilafu ya umeme katika betri. Ilionekana mwaka mmoja baadaye, katika kina cha mita 907. Nyambizi hiyo ilikuwa imefanyiwa matengenezo makubwa yaliyochukua miaka kadha na kukamilika mwaka 2014. Mwezi wa Aprili mwaka 2021 nyambizi ya Indonesia iitwayo Nanggala ilizama kaskazini ya Bali pamoja na watu 53. Ilikuwa na umri wa miaka 40 hivi, nayo pia ilikuwa imefanyiwa ukarabati mkubwa nje ya nchi. Mimi si mpelelezi, wala sidai kwamba najua kila sababu ya misiba hiyo miwili. Nakuonyesha jambo moja lililo wazi: siku ya msiba wa Nanggala, Indonesia haikuwa na meli yake ya kuokoa watu wa nyambizi, ikalazimika kuitegemea ile ya Singapore. Taifa lilikuwa na nyambizi za kuwateremsha wanawe chini, lakini halikuwa na chombo cha kuwapandisha juu. Na Indonesia ni nchi ya visiwa maelfu, yenye ubaharia wa karne nyingi. Ikiwa yeye alipungukiwa, je, anayeanza leo?

Tugeukie marubani. Lugha yetu ina hekima katika neno hili. Kabla ya ndege kujulikana, rubani alikuwa ni mtu wa bahari, ajuaye miamba na mikondo, anayeiongoza meli ya mgeni iingie bandarini salama. Ndege zilipokuja tulimpa mwenye kuziongoza jina lile lile, kwa kuwa tulitambua kwamba kazi ni moja: ujuzi unaokaa ndani ya mtu, si ndani ya chombo. Basi ujuzi huo una tabia ambayo wanunuzi wa silaha huisahau: usipotumiwa hufifia. Rubani wa helikopta atuaye juu ya sitaha ya manowari inayoyumba, usiku, upepo ukivuma ubavuni, hawezi kufanya hivyo leo kwa sababu aliweza miaka mitatu iliyopita. Sharti afanye tena na tena. Saa za kuruka ni chakula chake. Ukimnyima, hufa njaa ya kazi ingawa mshahara wake hulipwa kila mwezi.

Thailand inaweza kutufundisha katika hili. Mwaka 1992 iliagiza kutoka Hispania meli ya kubeba ndege, iitwayo Chakri Naruebet. Hakuna nchi nyingine ya Kusini-Mashariki mwa Asia iliyokuwa na meli ya namna hiyo. Pamoja nayo zikanunuliwa ndege 9 za Harrier zilizokwisha kutumiwa na Wahispania wenyewe. Meli iliingia kazini mwezi wa Agosti mwaka 1997. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, fedha ya Thailand ilikuwa imeanguka, na nchi nyingi za Asia zikaanguka nayo katika dhiki ya uchumi. Fedha za mafuta, za vipuri na za mazoezi zikawa haba. Kufikia mwaka 1999 ilisemekana kwamba ndege moja tu ndiyo iliyokuwa ikiweza kuruka, na mwaka 2006 zote zikaondolewa kazini. Tangu hapo meli ya kubeba ndege haikuwa na ndege za kivita za kubeba. Tuwatendee haki Wathai: meli hiyo imewasaidia watu wakati wa mafuriko na maafa, na helikopta zimetua juu yake. Lakini kwa kuwagawia watu chakula wakati wa mafuriko, meli ya gharama ndogo zaidi ingalitosha.

Najua mpinzani wangu hajanyamaza. Husema: “Mkingoja mabaharia wakamilike hamtanunua meli milele, kwani baharia hujifunzia wapi kama si melini?” Hoja hii ina ukweli nusu, na ukweli nusu ni hatari kuliko uwongo mzima, kwa sababu huvaa nguo za heshima. Ni kweli baharia hujifunza melini. Lakini hujifunza katika meli iendayo, si katika meli iliyofungwa gatini. Boti ndogo kumi zenye mafuta, zinazotoka kila juma, huwafundisha vijana wengi kuliko manowari moja kubwa inayotoka mara mbili kwa mwaka ili kupigwa picha. Tena aliyefundishwa katika boti ndogo, siku meli kubwa ijapo, huipanda akiwa na macho. Aliyengojea meli kubwa huipanda akiwa kipofu.

Mpinzani husema tena: “Adui hangoji.” Ni kweli hangoji, lakini pia hadanganyiki. Mharamia na mwizi wa samaki huijua bahari. Hujua manowari ipi hutoka na ipi haitoki, kama vile mwizi wa kijijini ajuavyo mbwa yupi hubweka na yupi amefungwa. Chombo kisichotembea hakimtishi mtu ila mlipa kodi anayedaiwa fedha zake.

Husema mwisho: “Na heshima ya taifa je?” Hapa ndipo penye siri ya jambo zima. Meli mpya huonekana; mafunzo hayaonekani. Kiongozi anaweza kusimama mbele ya meli, akakata utepe, bendera ikapepea. Hawezi kukata utepe mbele ya saa elfu za mazoezi. Lakini heshima inayotegemea utepe hudumu umri wa utepe. Heshima ya kweli ni meli kuitika inapoitwa, na watu wake kurudi nyumbani wote.

Na sisi Kenya tumesimama wapi? Jeshi letu la Wanamaji liliundwa mwezi wa Desemba mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, makao yake yakiwa Mtongwe. Boti zake za kwanza za doria, Simba, Chui na Ndovu, zilifika mwaka 1966. Zilikuwa ndogo, na udogo wao haukuwa aibu, maana zililingana na watu na fedha tulizokuwa nazo. Lakini twaa habari ya Jasiri. Mkataba wake ulitiwa sahihi mwaka 2003 kwa bei ya shilingi bilioni 4.1. Malipo yalisimamishwa kwa sababu ya maswali juu ya mkataba wenyewe, na meli ikabaki Hispania miaka mingi hali imekwisha kuundwa. Haikufika Mombasa hadi mwaka 2012. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa mkataba alikuwa tayari anasoma na kuandika meli ilipofika! Hatuhitaji kwenda Pretoria wala Bangkok kutafuta ushahidi kwamba mkataba si meli, na meli si nguvu.

Lakini tunao ushahidi wa upande wa pili pia, nao unapendeza zaidi. Meli ya mizigo MV Uhuru ya Ziwa Victoria, iliyoundwa katika miaka ya 1960, ilikuwa imelala Kisumu zaidi ya miaka kumi bila kazi. Mwaka 2019 ilifufuliwa, na mafundi wa Jeshi letu la Wanamaji walikuwamo katika kazi hiyo. Baadaye huko huko Kisumu ikaundwa meli mpya, MV Uhuru II. Tazama tofauti, msomaji. Jasiri ilikuwa mpya na haikusogea kwa miaka. Uhuru ilikuwa kongwe na ikasogea. Umri wa chuma haukuwa na neno. Mikono ya watu ndiyo iliyokuwa na neno. Vijana waliojifunza kuitengeneza meli kongwe wamebaki na ujuzi ambao hakuna muuzaji wa ng'ambo awezaye kuwanyang'anya, wala kuwazuilia kipuri hata walipe kwanza.

Basi wewe unayesoma maneno haya darasani, kesho utakuwa mpiga kura, na baadhi yenu mtakuwa maofisa, wahandisi, wabunge na marubani. Siku moja utasikia kwamba serikali yataka kununua manowari au hata nyambizi. Usishangilie upesi, wala usipinge upesi. Uliza maswali manne, na usikubali kujibiwa kwa wimbo. Nani atakayeiendesha, na amekwisha kufundishwa? Nani atakayeitengeneza, na gudi lake liko wapi? Itakaa baharini siku ngapi kwa mwaka, na fedha za mafuta ya siku hizo zimeandikwa katika ukurasa gani wa bajeti? Na ikipatwa na ajali, nani atawaokoa waliomo? Ukipewa majibu manne yaliyo wazi, unga mkono kwa moyo wote, maana nchi itakuwa imepata bawabu. Jibu moja likikosekana, simama ukatae, hata ukiitwa adui wa maendeleo. Wanaokupa jina hilo hawatakuwamo ndani ya chombo siku betri zitakapolowa. Watakaokuwamo ni vijana wa umri wako, na huenda mmoja wao ameketi nawe dawati moja hivi sasa.